Mkunga Chini ya Landrova

Ninyi vijana wa siku hizi mkifungua boneti ni kwa ajili ya kuongeza maji ya waipa, na hata hayo wengine mnamwachia mtu wa sheli. Sisemi kwa ubaya. Juzi mjukuu wangu anayeendesha watalii aliwashiwa taa nyekundu na gari lake pale karibu na mnadani. Akapiga simu Arusha, akaja kijana na kompyuta ndogo, akaichomeka chini ya usukani, kompyuta ikamtajia ugonjwa. Nilisimama pembeni na fimbo yangu nikaona wivu kabisa. Enzi zetu ugonjwa wa gari uliutafuta mwenyewe, umelala chali, udongo mwekundu wa Karatu ukikuingia shingoni, na gari lenyewe limekunyamazia.

Mimi nilikuwa nesi mkunga. Watoto niliowapokea, wengine sasa ni wazee wa kanisa na wana vitambi. Lakini hizi alama mnazoziona kwenye vifundo vya vidole vyangu hazikutokana na ukunga. Hizi ni za spana. Kuanzia miaka ya sabini mwishoni na kuendelea nilikuwa nesi, dereva na fundi wa gari moja, landrova ya zahanati ya misheni hapa hapa Karatu. Manesi vijana huniuliza ilikuwaje mpaka mkunga akaingia chini ya gari. Basi nawaeleza, ila msinidai nifuate mpangilio.

Nilipoanza kazi sikuruhusiwa hata kubamiza mlango. Gari lilikuwa la Mzee Bura. Kwenye karatasi lilikuwa la zahanati, lakini muulizeni yeyote aliyekuwepo. Mzee Bura alikuwa dereva, mtu wa Mbulumbulu, mrefu, mwembamba, koti la kaki lililofifia mabegani. Nesi akibamiza mlango, mzee alizima injini, akashuka, akazunguka mpaka upande ule, akaufungua mlango na kuufunga tena taratibu mbele yako, halafu akarudi kwenye usukani bila neno. Ukifanyiwa hivyo siku moja huhitaji kuambiwa tena.

Safari zetu zilikuwa za kliniki ya watoto na wajawazito. Leo Mbulumbulu kwenye tope linalonata kama ugali mbichi, kesho Baray kwenye joto na vumbi, siku nyingine juu Ngorongoro kwenye baridi na ukungu, mpaka kwa wafugaji wa upande wa Endulen. Gari likipita sehemu zote hizo haliwezi kubaki zima. Mzee Bura alilihudumia mwenyewe uani, karibu na shamba la mahindi la zahanati. Fundi wa mjini alikuwepo, lakini yule alikuwa na nyundo na ujasiri, basi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, spea zilizokuwa zikitoka Nairobi zikakatika. Ukienda Arusha kuulizia chujio la oili, muuza duka anakutazama kama umeulizia mbuga ya Serengeti nzima.

Sasa, habari ya macho.

Asubuhi moja nilikuwa napanga masanduku nyuma ya gari, Mzee Bura akaniita mbele. Alikuwa ameshika kile kijiti cha kupimia oili.

"Sista, hebu niambie, imefika wapi?"

Nikashangaa, maana hakuna aliyewahi kuulizwa kitu kuhusu gari lile. Nikamwambia iko chini ya alama. Akachukua kopo la oili akaanza kumimina, na oili ikapita pembeni kabisa ya tundu, ikatiririka juu ya injini. Yeye akaendelea kumimina.

"Mzee," nikasema, "unamwaga."

Akasimama. Akalipapasa tundu kwa kidole, akaweka mdomo wa kopo pale, akamalizia. Nikarudi kwenye masanduku yangu. Lakini siku ile tukirudi kutoka Baray nilikaa mbele nikamwangalia. Alifunga breki kwa ajili ya kivuli cha mti. Mbele kidogo, mbuzi halisi alisimama barabarani, na mzee wala hakupunguza mwendo. Mbuzi ndiye aliyeruka.

Tulipofika nikawaambia manesi wenzangu washuke, mimi nikabaki.

"Mzee Bura, macho yako vipi?"

Akakaa na mikono yake juu ya usukani. "Ni kama ule ukungu wa juu Ngorongoro," akasema. "Ila ule wa kule jua likipanda unaondoka."

"Tangu lini?"

"Umekuja polepole, binti yangu. Barabara naijua kwa mwili. Nilidhani mwili utatosha."

Nilipomwangalia vizuri niliona mboni zake zimeingia weupe. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikamwambia kesho haendeshi. Hakubisha. Alichouliza ni kimoja tu: "Na kliniki?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Dereva mwingine hatukuwa naye, na aliyeombwa kutoka Mbulu hakuja. Gari lingeegeshwa, na gari likiegeshwa, watoto wa Baray na wa kule juu hawachanjwi. Mganga wetu mfawidhi, Daktari Sulle, alikuna kichwa mpaka nikamwonea huruma. Mzee Bura ndiye aliyetoa jawabu. "Huyu Sista afundishwe," akasema. "Ana mikono isiyo na haraka. Mimi nitakaa pembeni."

Alinifundisha kwenye mashamba ya ngano Mbulumbulu, baada ya mavuno, mahali ambapo hapakuwa na cha kugonga isipokuwa mabua. Alisikiliza klachi kama mimi ninavyosikiliza mapigo ya moyo ya mtoto tumboni. "Umeachia mapema. Rudia." Wakulima waliacha jembe, wakakaa kwenye kingo wakicheka. Nilipopata leseni Arusha, askari aliyenijaribu aliniuliza mume wangu anajua? Nikamwambia bado sijaolewa, na kwa jinsi ninavyonuka petroli sidhani kama nitaolewa. Niliolewa baadaye, msiwe na wasiwasi. Babu yenu hakuwa na pua nzuri.

Kuendesha nilikupenda upesi. Kuhudumia gari ndiko kulikonitoa machozi.

Watu hudhani kubadilisha oili ni kufungua, kumwaga, kufunga, kujaza. Maneno manne tu! Mara ya kwanza niliingia chini, Mzee Bura kachuchumaa nje nikiona viatu vyake tu. "Fungua boliti ya chini." Nikaizungusha kwa nguvu zangu zote. Haitoki. Nikaongeza bomba kwenye mpini wa spana. Haitoki. Yeye anasikiliza ule mlio, halafu anauliza kwa upole, "Sista, umelala kichwa upande gani?" Kumbe ukiwa chali chini ya gari, kushoto na kulia vinabadilishana, na muda wote nilikuwa naikaza. Kuifungua baada ya kuikaza vile ndiko kulikonipa hii alama kubwa hapa. Spana iliteleza, ngumi yangu ikagonga chuma, boliti ikaachia yenyewe na oili ya moto ikaniingia kwenye mkono wa gauni mpaka kwapani.

Ilikuwa siku ya kliniki. Wamama walikuwa wamepanga foleni barazani na watoto wao, wakasikia nilichosema kwa Kiiraqw, ambacho sitakirudia hapa. Mama mmoja akaniita, "Sista, liombee tu!" Wote wakaangua kicheko. Nilipokwenda kupima watoto, nimenawa kwa majivu na mafuta ya taa, mtoto mmoja alininusa shingoni akatulia kimya. Mama yake akasema baba wa mtoto ni utingo wa lori, kwa hiyo mwanawe anadhani amefika nyumbani.

Na chujio! Lile halikuwa la kuzungusha na kutupa kama haya yenu. Lilikaa ndani ya kikombe cha chuma, na juu ya kikombe kulikuwa na mpira wa duara uliozuia oili isivuje. Nikaweka chujio jipya na mpira mpya, nikakaza, nikajaza oili, nikawasha. Oili yote ikamwagika chini kama ng'ombe anayekojoa. Oili ambayo tuliipata kwa kubembeleza! Nikakusanya niliyoweza kwenye beseni, nikaichuja kwa shashi ya vidonda, nikafunga upya, nikawasha. Ikamwagika tena. Niliketi kwenye tairi nikalia kwa hasira. Mtu akikuudhi utamsuta, lakini chuma utakiambia nini?

Mzee Bura hakunibembeleza. Aliingia chini mwenyewe, mzee yule, kwa kupapasa. Akapitisha ukucha wake kule juu, ndani ya ule mfereji mpira unamokaa. "Leta sindano," akasema.

"Sindano gani?"

"Ya kushonea watu."

Nikaileta. Mpira wa zamani ulikuwa umebaki kule juu, umeganda, mweusi kama chuma chenyewe, na mimi niliweka mpya juu yake. Yeye aliuhisi kwa kidole lakini hakuweza kuona uchomolewe wapi. Mimi niliuona baada ya yeye kunionyesha mahali. Kwa hiyo tukalala chini pale pamoja, kidole chake kikiongoza, sindano yangu ikichokonoa, mpaka ukatoka mzima. Tangu siku ile ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye alikuwa vidole, mimi nilikuwa macho. Nikisimulia hivi nasikia bado harufu ya lile koti lake, oili na tumbaku.

Msiniulize kuhusu nipeli za grisi, vile vichuchu vya kupitishia grisi, zilivyojaa tope la Mbulumbulu mpaka uzitafute kwa msumari. Wala boliti ambayo fundi wa mjini aliilainisha pembe zote ikawa duara kama kitufe. Niwaambie habari ya breki.

Mwaka mmoja surua iliingia kwa wafugaji wa upande wa Endulen. Ujumbe ulikuja kwamba watoto wanaugua, nasi tulikuwa tumeletewa chanjo, imekaa kwenye friji letu la mafuta ya taa. Tulipanga kuondoka asubuhi. Jana yake mchana nikaona breki imelegea, pedali inazama kama unakanyaga uji. Maana yake upepo umeingia ndani ya mabomba, na lazima utolewe.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wanaoelewana. Mmoja yuko juu anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua kile kiboliti kidogo nyuma ya tairi, upepo unatoka na oili ya breki, anafunga kabla pedali haijaachiwa. Ukikosea, upepo unarudi. Mzee Bura alikaa juu, mimi chini.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika hapo hapo. Haya, achia."

"Unasema?"

"Achia!"

"Nishike?"

Masikio yake yalikuwa mazuri, lakini injini ya mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inaunguruma. Tulizunguka matairi yote, tukarudia, na pedali bado uji. Chupa ya oili ya breki ikawa inakaribia kwisha na hapakuwa na nyingine Karatu nzima. Nikarusha spana kwa hasira, ikaangukia kwenye mahindi, tukapoteza saa nzima kuitafuta, mzee akipapasa kati ya mistari kwa fimbo kama anayetafuta kifaranga.

Kulipokucha, nilipakia sanduku la chanjo na barafu. Nilikuwa nimegundua kwamba ukikanyaga upesi upesi, breki inashika kidogo. Nikamwambia Mzee Bura tutakwenda hivyo hivyo, polepole, kwa gia ndogo. Akashuka garini, akaenda mbele, akakaa chini kwenye udongo, mgongo wake ukiegemea bampa.

"Mzee, inuka. Barafu inayeyuka."

"Rudisha chanjo kwenye friji."

"Kuna watoto wanakufa kule!"

"Najua," akasema. "Na wewe unalijua lile teremko la kurudi, na ule ukungu. Ukianguka kule, keshokutwa nani atawapelekea chanjo? Mimi?" Akaelekeza vidole kwenye macho yake.

Nikabeba sanduku nikalirudisha ndani. Nilipotoka, alikuwa ameanza kupapasa matairi kwa upande wa ndani, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayekagua miguu ya ng'ombe. Kwenye la nyuma kushoto akasimama. Akasugua vidole, akavinusa.

"Hii siyo grisi, Sista. Tazama rangi yake."

Ilikuwa oili ya breki. Tukafungua ngoma ya breki, na ndani kulikuwa kumelowa. Kampira kadogo kanakokaa ndani ya silinda ya breki kalikuwa kamechanika. Usiku kucha tungetoa upepo na usingekwisha, maana uliingilia pale pale.

Kampira kale hakakuwa na wa kukauza. Lakini Oldeani, kwenye shamba moja la kahawa, kulikuwa na landrova iliyokufa zamani, imeota majani mpaka kwenye viti, na mlinzi wa shamba alikuwa rafiki wa Mzee Bura. Tulipanda lori la magunia. Mlinzi akatukubalia, akatusaidia hata kukata miba. Tulifungua magurudumu ya ile maiti, na kila nilipompa mzee kampira alikaminya akasema, "Kamekauka." Kengine, "Kamekauka." Kwenye gurudumu la mwisho alikaminya, akakaminya tena, akakaweka kwenye mfuko wa shati. Njiani kurudi alikuwa anaweka mkono mfukoni mara kwa mara kuhakikisha kapo.

Tulikafunga jioni. Oili ya breki iliyobaki ilitosha kujaribu tu, kukosea haikutosha. Safari hii tuliafikiana ishara: nikigonga chasisi kwa spana, akanyage na ashike, nikigonga tena, aachie. Hakuna maneno. Nikagonga, akakanyaga. Mapovu yakatoka, yakawa madogo, yakaisha, ikatoka oili tupu. Nilisikia sauti yake juu yangu: "Imekuwa jiwe. Njoo ukanyage mwenyewe." Nikakanyaga. Sijawahi kufurahia kitu kigumu namna ile.

Kesho yake tulikwenda. Tulikuta wamama na watoto wao bado wanasubiri, wengine wamelala pale pale. Mama mmoja wa Kimaasai, mwanawe mgongoni, akanicheka, "Nimelisikia gari lenu toka mbali linakohoa. Nikawaambia wenzangu, watu wa zahanati wameamka." Tulichanja mpaka sanduku likabaki maji. Kulikuwa na watoto waliokuwa wameshachukuliwa na surua kabla hata ujumbe haujatufikia, sitawadanganya. Mama wa mmoja wao alileta mdogo wa yule aliyefariki achanjwe, akamshika mkono mwenyewe, hakutazama pembeni.

Tukirudi alasiri, ukungu ulikuwa umeshuka. Tulipoanza kuteremka kuelekea geti la hifadhi, nilikuwa naona kama hatua chache tu mbele ya boneti. Kwenye kona moja kitu cheusi kikatokea katikati ya barabara. Nikakanyaga. Gari likashika, likainama mbele, likasimama. Nyuma, chupa zikagongana.

Mzee Bura akauliza kwa utulivu, "Tumesimamia nini?"

"Nyati, mzee."

"Wengi?"

"Mmoja. Amesimama tu, anatutazama."

"Yuko umbali gani?"

"Ningenyoosha mkono ningemchoma sindano."

Akatikisa kichwa polepole. Nyati naye akatuangalia mpaka aliporidhika, akaingia msituni. Ndipo nilipoona mkono wa Mzee Bura uko juu ya dashibodi, unaipiga kidogo kidogo, kama unavyompiga ng'ombe ubavuni akikamuliwa bila kurusha teke.

Miaka ilikwenda hivyo. Nikawa fundi, kiasi kwamba watu wa magari ya watalii yaliyokwama walikuwa wanaelekezwa zahanati, wanakuta nesi anavua glavu za kuzalishia anavaa za gari. Mzee Bura alikuwa anakaa pembeni yangu kila safari, macho yake yakizidi kuwa meupe. Nilimwambia nini kiko nje akiuliza, lakini aliuliza mara chache.

Halafu walikuja madaktari wa macho, wale wanaozunguka hospitali moja baada ya nyingine. Daktari Sulle alimpeleka mwenyewe. Mzee akapasuliwa macho, akakaa huko na bandeji, nami nikaendelea na kazi, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, nikijikuta naongea peke yangu kuhusu milio ya gia.

Aliporudi alikuwa na miwani minene iliyoyafanya macho yake kuwa makubwa kama ya bundi. Alinipa mkono, akanitazama sana, akasema nimenenepa. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua boneti, akainama. Akakagua kila kona. Nilijiandaa kusifiwa.

"Sista," akasema, "nani alikwambia injini inapakwa grisi kama mtoto anayepakwa mafuta?"

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya kliniki ya kule juu. Nilikuwa nimeusafisha ufunguo kwa spiriti. Nikamkabidhi mbele ya wenzangu wote, wakapiga makofi. Kwa kweli moyo ulikuwa unaniuma, maana nililipenda lile gari, lakini lilikuwa lake. Akaugeuza ufunguo mkononi, akautazama kwa ile miwani. Kisha akanirudishia, akazunguka mpaka upande wa abiria, akafungua mlango, akapanda, akaufunga taratibu.

Nikadhani bado haoni vizuri. Nikaingia nikamuuliza, "Mzee, vipi tena?"

"Endesha."

Tukaenda kliniki, tukafanya kazi. Wakati wa kurudi, tukiwa juu kabisa, ukungu ulikuwa umeondoka na bonde lote la Ngorongoro limefunguka upande wake, ziwa linang'aa chini kabisa, na yale madoa madogo madogo ambayo ni nyumbu. Aliniomba nisimame. Akashusha kioo, akatoa kichwa nje.

Alikaa hivyo mpaka nikazima injini.

"Nimepita hapa tangu ningali kijana," akasema hatimaye. "Kila siku natazama mashimo ya barabara." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. "Kumbe kuko hivi."